Daftari la Luku

Nyumba yetu ipo Chikongola, nyuma ya mashine ya kusaga:
milango sita, choo kimoja, mita moja.
Mita ipo ukumbini, juu kidogo ya kichwa changu.
Daftari lipo kwangu, chumba cha kwanza kushoto,
si kwamba najua sana hesabu,
ila ni mimi tu nisiye na mtoto wa kulichana.

Kila Jumamosi naandika.
Mchopa, chumba cha pili: elfu nne. Ana friji,
anauza barafu na ubuyu wa maji, hana ubishi.
Akina Chilumba: elfu mbili na mia tano, feni na redio.
Redio, wanasema, haili kitu. Tunawaacha.
Vijana wawili wa bandarini: elfu tatu,
wanapiga pasi kila alfajiri, utadhani
gunia la korosho huchagua bega la kulibeba.
Binti Nandonde, cherehani: tutaonana mwisho wa mwezi.
Mimi: elfu mbili.
Somoe, chumba cha sita, ukutani kwa choo:
elfu moja. Taa tu.

Elfu yake huja imekunjwa mara nne,
inanuka moshi na ming'oko ya kuchemsha.
Haijachelewa hata siku moja.
Ya friji huchelewa.

Wanasema gesi inatoka huku kwetu.
Sawa. Sisi tunapepea mkaa,
na mkaa nao umepanda,
na ndoo ya maji imepanda,
na mwenye nyumba, kila akija kutazama bati linalovuja,
hutazama kwa jicho la kupandisha.

Usiku ule mvua ilinyesha ya kufukia makaburi.
Sufuria zangu zote zilikuwa kazini, zinalia kila moja kwa sauti yake,
nikaenda kwa Somoe kuazima beseni.
Hodi.
Karibu, pita, usimkanyage mtoto.

Giza.
Nikapapasa ukuta, nikabonyeza. Kimya.
"Iliungua," akasema, "tangu Mfungo Tatu."
Nikahesabu miezi kwa vidole, gizani. Vidole vya mkono mmoja vikaisha.
"Na hii elfu unayonipa?"
"Nalipia huu,"
akaonyesha kwa kidole cha mguu
mwanga wa ukumbini unaopenya chini ya mlango,
mwembamba, kama uzi wa kushonea kofia.

Hapo ndipo nilipomwona Asumini.
Kalala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya kanga iliyokunjwa,
daftari kaliweka kwenye ule uzi.
Anasoma mstari, analivuta.
Anasoma mstari, analivuta.
Alikuwa kwenye hesabu za sehemu:
robo tatu ya kumi na mbili.
Hakuinua macho. Mwanga haukuwa wa kuchezea.

Nilichukua beseni. Nilisahau kushukuru.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia mtu:
ile taa ya ukumbini, kila usiku, saa nne kamili,
aliyekuwa akiizima ni mimi.
Kwa kubana matumizi. Kwa niaba ya nyumba.
Nilikuwa nazima, nasikia mlango wa sita
kitu kama karatasi kikifungwa,
nasema moyoni: panya.

Jumamosi iliyofuata Somoe alileta elfu yake.
Ningeikataa, angeniuliza kwa nini.
Niliipokea. Niliikunjua polepole, mikunjo yote minne.

Taa haizimwi siku hizi.
Mchopa analalamika yuniti zinakimbia,
Chilumba anawatazama vijana wa pasi,
vijana wanaitazama friji,
wote wakinigeukia mimi, mwenye daftari,
nafungua kurasa, nalamba kidole, nakunja uso:
"Hii mita," nasema, "nadhani ina wazimu."