Jikoni Kunachelewa

Ubao wenyewe ni mdogo, haukizidi kitambulisho changu cha taifa.
Niliununua Kampala, umeshatumika.
Muuzaji aliapa kwa mama yake na kwa dini mbili
kwamba haujawahi kuungua.
Nikarudi nao Walukuba umelala ndani ya soksi.

Kopo la biskuti ndilo nyumba yake.
Spika nilizing'oa kwenye televisheni ya Mama Naigaga,
ile iliyopigwa na radi mwaka juzi:
kioo kilikufa, koo likabaki zima.
Amplifaya, elfu kumi na nane.
Chaja ya simu haikuuweza mzigo. Besi ikishuka tu
ubao ulizimia, ukaamka, ukaanza kujitambulisha upya
kama mlevi mlangoni kwake.
Nikanunua chaja ya maana. Hapo bajeti ikafa,
tukala mukene siku nne.

Usiku, Yaka ikiwa bado na yuniti,
nilizimimina kaseti za baba, moja baada ya moja,
kwenye kadi isiyofika ukucha wa kidole gumba.
Kaseti haina haraka. Saa nzima ya nyimbo
hudai saa nzima ya umri wako.
Nilishona vifungo vya sare za shule nikingoja,
nikashona kimoja kwenye gauni langu bila kujua.

Basi ikawa: simu inaagiza, kopo linaimba,
kopo la pili jikoni linaitikia.
Hakuna bando linaloliwa.
Wimbo unatoka sebuleni kwenda kwenye sufuria
bila kupitia Ulaya.

Jumapili nikamwita Mzee Owori aje asikie.
Miaka ishirini na mitatu kwenye mitambo ya nguo
ilimla sikio la kushoto,
la kulia ikalitafuna nusu.
Nilijua atatikisa kichwa kwa adabu, aombe chai.
Akasimama mlangoni, katikati ya vyumba viwili,
kiganja ukutani.

"Athieno, jikoni kunachelewa."

Nikabisha.
Nikasikiliza.
Nikanyamaza.
Kati ya gitaa la huku na gitaa la kule
palikuwa na upenyo, kope moja kushuka.
"Mshindio ukichelewa hivyo," akasema,
"nguo inatoka na kovu, na msimamizi anakukata mshahara."

Nikakesha na namba, nikipunguza, nikiongeza,
nikikimbia kati ya vyumba peku
mpaka magitaa mawili yakawa gitaa moja
na nyumba ikawa na kifua kimoja.

Asubuhi akaniletea kaseti isiyo na jina,
imeviringishwa kwenye kipande cha khaki.
"Hii si wimbo."
Nikaiweka. Nikadhani mvua juu ya bati.
Nikatazama nje: jua.
Ilikuwa mitambo, ukumbi mzima,
wiki ile ya mwisho kabla geti halijafungwa.
Aliingia na redio ndani ya ovaroli, akafinya kitufe chekundu,
akaendelea na kazi.

Mashine iliniuliza: msanii?
Yenyewe ikapendekeza: hajulikani.
Nikafuta. Nikaandika Owori.
"Na jina la wimbo?"
Akafikiri kidogo. "Zamu ya usiku."

"Nivipatanishe vyumba, vipige pamoja?"
"Pamoja?" Akacheka mpaka akakohoa.
"Lini ilipiga pamoja? Rudisha ule uchelewaji."

Nikaurudisha.
Sebule ikafuma, jikoni ikafuata ikiburuta mguu,
vikombe vikatetemeka kwenye kabati,
Mama Naigaga akagonga kuuliza
kama tumefungua kinu cha kusaga.
Baba yuko palepale mlangoni,
sikio la kulia mbele, macho amefumba,
akitafuta wake kati ya ile yote.

"Arobaini na moja," akasema. "Huo! Unausikia?
Haukuwahi kutii."

Sikuusikia.
Nikaongeza sauti.