Kurasa Chafu

Juu ya duka la Nyakwaka, hapa Kibuye,
siku ya tisa napambana na kosa moja:
kerneli yangu inasahau inachohitaji,
inakumbatia kisicho na kazi.

Kanuni niliyoiandikia ni nyepesi.
Kilichoguswa karibuni kikae karibu.
Kilichosahaulika kirudi diskini,
kule ambako kwenda na kurudi
ni kama Kakamega kwa miguu.

Jana nilishuka kununua fyuzi.
Kaunta ya Nyakwaka ni fupi: nati za kumi,
tyubu za baiskeli, kufuli,
vilivyoulizwa wiki hii.
Vingine viko godauni, Obunga. Hutumwa Opondo,
na Opondo akirudi
mteja keshakunywa chai, keshaghairi.

Asubuhi walikuwa wamepeleka taa za kandili Obunga.
Saa tatu stima ikapotea mtaa mzima.
Nikacheka peke yangu. Nyakwaka hakucheka.

Madeni huyaandika kiganjani kwanza, kwa biro:
Omwoyo mia mbili, mama Anyona hamsini.
Daftari lina zamu yake, jioni.
"Nikilifungua kwa kila shilingi, nitauza saa ngapi?"

Mvua ikashuka kutoka ziwani, ya kulala ubavu.
Akakimbia kuingiza mitungi iliyokuwa nje,
akarudi na kiganja cheupe.
Mia mbili za Omwoyo zilikuwa mtaroni,
na Omwoyo si mtu wa kujikumbusha.

Kurasa chafu, ndivyo tunavyoziita sisi:
zimeandikwa, hazijafika pa kudumu.
Chafu, eti. Ni ukweli
ambao haujapata shahidi.

Pembeni mwa kaunta ipo kengele ya baiskeli,
ina kutu. Tangu nihamie hajaiulizia mtu.
Nikasema, kwa hesabu zangu
hii ingekuwa Obunga zamani,
hapo pangekaa nati mia.
Opondo akanikanyaga mguu.
Nyakwaka aliifuta kwa pindo la leso,
akairudisha palepale.

Nikapanda. Nikaongeza biti moja kwenye kila ukurasa:
huu usiondolewe, wala usiulize.
Nikafupisha muda wa kuhifadhi,
kutoka sekunde thelathini hadi tano.

Kosa bado lipo.
Zamani mashine ilizimia dakika ya kumi na mbili,
sasa ni ya arobaini.
Nimekaa gizani nahesabu, betri ikiisha,
na huko chini kengele imelia,
mara moja tu.
Imeguswa.