Chumvi Haijalala

Baba huzima redio ya gari kabla ya lango.
Anataka kuisikia turbini kwanza,
kama inakohoa, kama inasaga meno.
Miaka yote hii jangwani Atakama
na bado hunusa mabomba ya mvuke
kama mpishi aliyeshuku mchuzi.

Mimi, Yasna, kazi yangu haina sauti.
Paneli elfu arobaini zimetazama juu,
hazina grisi, hazina mkanda wa kukatika;
jua linagusa, umeme unatoka. Basi.
Nabeba brashi, na kofia.

"Bei rahisi," nikamwambia.
"Rahisi mchana,"
akaendelea kumenya chungwa.

Babu yake alichimba shura ardhini humu,
ikatiwa magunia, ikaenda ng'ambo
kuwa mbolea, kuwa baruti.
Leo shura ileile imeyeyuka tangini,
digrii mia tano na sitini,
inalisubiri giza.

Mwezi jana zililetwa betri,
makontena meupe hamsini.
Baba akalizunguka moja,
akaligonga kwa kidole cha pete,
akatega sikio.
Hakusema kitu.

Jana saa nne usiku nilisimama kati ya paneli zangu,
baridi kama sahani zilizooshwa.
Kule mnarani vioo vimeinamisha nyuso,
lakini taa za Calama zinawaka,
na upepo ulipotulia
nikausikia, kwa mbali, ule mngurumo
ambao Baba, akilewa kidogo tu,
huuita mdogo wako.