Toleo Namba Moja, Tena

Tangazo limebandikwa kwa uji wa ngano
pale kibandani kwa Shadida, Mtaa wa Mkunguni,
juu ya tangazo la dawa ya mende:
Ijumaa ya tarehe mosi, Nyumba ya Kimondo
inaanza upya vitabu vyake vyote kumi na viwili.
Vyote. Toleo namba moja.
Mashujaa wamevuliwa nguo za zamani,
wamepimwa upya.

Tumsifu, karani wa bima, kalegeza tai,
kasoma mara tatu kama barua ya kufukuzwa kazi.
"Na Mama Gati je? Mimba yake ya toleo la tisini?"
Hakuna anayejua.
"Na Nesi wa Zamu ya Usiku, aliyepita ukutani
akasahau kivuli chake wodini?"
Shadida anapanga vitabu vya hesabu vya darasa la sita.
"Nyie watu wazima, nunueni au msogee,
mnanizibia wateja."

Mimi wangu ni Transfoma.
Fundi cherehani wa Buguruni
aliyepigwa na umeme akishona sare za shule,
tangu hapo radi ikamwota vidoleni.
Lakini mgao ukipita, naye anazimika,
majambazi wanamvizia kwa ratiba ya gazetini.
Nani mwingine duniani ana shujaa
anayetazama nguzo ya umeme kabla ya kugombana?

Toleo la mia na arobaini na tatu, ukurasa wa mwisho:
ananing'inia Daraja la Kigamboni kwa mkono mmoja,
taa za mji zinazimika, kuanzia Kurasini,
na chini, kwa herufi nyembamba: Itaendelea.

Haikuendelea.
Mtambo wa kuchapia uliuzwa,
mchoraji akaenda kuchora mabango ya rangi za nyumba.
Miaka sita yule mtu ananing'inia.
Nimeoa akiwa ananing'inia.
Nimemzika kaka yangu Ngwale, aliyenifundisha kusoma
kwa kidole chake cha gereji, akiacha alama ya grisi
kwenye kila kiputo cha maneno.
Maji ya Msimbazi yalipoingia ndani, Kigogo,
nilibeba mtoto mkono wa kulia,
wa kushoto mfuko wa nailoni.
Mke wangu alidhani ni vyeti.

Sasa mnaniambia namba moja.
Yaani hakuwahi kushika, wala hakuwahi kuteleza?
Ule mkono uliochoka, tuuite nini?

Nadhani nilikuwa nasema kwa sauti,
maana Zamoyoni aligeuka,
miaka kumi na mitatu, ndoo tupu ya vitumbua kichwani,
elfu moja imefungwa kwenye pindo la khanga.
"Kaka, mie kila kitu nakikuta katikati.
Shuleni nilianza mwezi wa saba.
Vitabu vyenu navipata havina jalada,
sijui nani kamuua nani wala walianza lini kuchukiana.
Acha nami nikute mlango."

Tumsifu akakohoa.
Shadida akatoa daftari la madeni,
akaligeuza nyuma kwenye kurasa safi,
akaandika: 1. Zamoyoni.

Foleni ikajipanga yenyewe.
Tukabishana kofia ya Nesi itakuwa rangi gani,
kama Mama Gati atabaki mnene, maana tunamtaka mnene,
kama Transfoma safari hii watamnunulia jenereta.
Wakimnunulia jenereta, nasusa.
Mimi ni wa kumi na tisa.
Shadida aliniandika kwa penseli.
Nilimwomba arudie kwa wino.

Usiku wa kuamkia Ijumaa umeme umekatika.
Nimetoa ule mfuko chini ya godoro,
nimewasha tochi ya simu.
Karatasi ina manjano, inanuka mafuriko.
Mkono wake bado umeshika.
Nikamtazama kutoka juu hadi chini, taratibu,
nikaona kitu ambacho miaka yote sita sikukiona:
mchoraji alimfunga kamba za viatu,
mafundo mawili mawili,
kama mtu anayetegemea kutembea.