Kiputo cha Julai

Novemba nikiigeuza chupa kichwa chini
kiputo hupanda kabla sijafika tatu.
Leo, Julai, saa kumi na mbili na nusu,
ukungu wa Wotta umeshuka hadi kizingitini mwa duka,
nimehesabu moja, mbili, nimepuliza vidole,
nimehesabu hadi tisa
na kiputo ndiyo kwanza kinajikokota
kama mtu aliyeitwa na mdai wake.

Oili ni ileile. Namba ileile ubavuni mwa dumu.
Baridi tu imeingia ndani yake, ikakaa.

Dodoma mjini watakwambia kipupwe ni upepo na vumbi,
vaa sweta, saa nne utalivua.
Waje huku juu walale na dumu nje usiku mmoja.

Nilimwambia Lechipya: chukua hii nyembamba, ya miezi hii.
Akacheka hadi kofia ikamshuka.
"Sechelela, mimi naangusha mikaratusi,
sikaangi maandazi."
Waliokuwepo wakacheka naye,
mmojawao ana deni langu la chumvi tangu Pasaka.
Akabeba nzito, namba arobaini,
inayovutika kama mlenda uliolala.
Sikubishana.
Nikamrudishia chenji yake, mia tatu.

Msumeno wake niliusikia kutoka ng'ambo ya bonde.
Sijasomea ufundi, ila miaka kumi na minne nauza vilainisho
na sikio nalo hula chumvi.
Mashine iliyoshiba hunguruma kwa tumbo.
Yenye kiu hulia kwa meno.
Ule ulilia kwa meno,
ukanyamaza,
ukalia tena, mfupi,
halafu kukawa na kunguru tu.

Saa nne akarudi, upanga wa msumeno ndani ya gunia
kama abebaye kuku aliyekufa kwa kideri.
Ukingo wake umegeuka buluu,
buluu ya shingo ya kanga wa porini,
mnyororo umelegea, unaning'inia.
Nikafungua tanki la oili nione kama lilikauka.

Limejaa.
Limejaa pomoni, halijapungua kijiko,
na chuma kando yake kimeungua kwa kiu.

Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Tusiende huko.

Nikaimwaga ile nzito kwenye kopo, polepole, ilivyotaka yenyewe.
Nikatia nyembamba.
Upanga mpya nikauandika kwenye daftari, mnyororo pia,
yeye akitazama kalamu kuliko alivyotazama mashine.
Tulipokwisha kufunga nikapasua boksi la sabuni,
nikaliegemeza kwenye jiwe, upande usio na maandishi.
Nikamwambia: elekeza ncha hapo, usiguse. Vuta moto. Subiri.

Kwanza hakuna.
Moshi, kelele, mbwa wa jirani akatoka mbio.
Kisha kwenye boksi likajichora jambo,
matone madogo yakifuatana,
mstari mwembamba kama wa mtoto anayeanza kuandika moja.

"Ukiuona huo, inakunywa," nikasema.
"Usipouona, zima, hata kama mti umebakiza unyuzi."
Hakusema asante. Aliuliza kama boksi nalo nimeliandika kwenye daftari.

Boksi ninalo bado, nyuma ya mlango.
Mstari umetanuka, umekuwa kahawia.

Kesho yake alikuja jua halijatoka,
shuka shingoni, mikono kwapani.
Nilikuwa naonekana napanga viberiti.
Akaichukua chupa rafuni mwenyewe, akaigeuza,
midomo ikamtembea kama mwanafunzi wa madrasa,
na pumzi yake ikaweka ukungu kwenye plastiki
hadi akalazimika kuifuta kwa kiwiko na kuanza upya.

"Saba," akasema.

Tano, nikamwambia. Umehesabu haraka, una baridi.