Nne Nukta Sifuri

Nilishuka Iisalmi kwa treni ya asubuhi,
begi limejaa maswali arobaini
yenye majibu manne manne,
saa ya kuhesabia dakika,
na barua ya makao makuu, mstari mmoja:
*Pima uwezo wao wa kufikiri.*
Theluji ilifika nusu ya madirisha ya kiwanda.
Ndani, maziwa yalinguruma mabombani.

Walikaa kantini, watu kumi na tisa,
viatu vyeupe vya mpira, kofia za wavu,
kalamu zikiwa ngeni vidoleni mwao.
Osmo wa mashine ya siagi alimaliza wa kwanza:
thelathini na nane.
Raili Kettunen, wa maghala ya baridi,
alikwama swali la tatu.
*Mabata wote ni ndege. Kiumbe huyu ni ndege.
Je, kiumbe huyu ni bata?*
Akanyosha mkono. "Nani kamwona?"
Nikamjibu kwamba swali halihitaji macho.
Akainama, akaandika ukingoni mwa karatasi
maneno ambayo sikuyasoma,
kwani ukingo hauna alama.

Kumi na moja.
Nikaandika: *Dhaifu. Apelekwe mafunzoni.*
Mkono wangu haukutetemeka.

Saa tisa alasiri, nje giza tayari,
nikitafuta mlango wa kutokea
nikamkuta koridoni, kasimama
mbele ya kipimajoto cha ghala la pili.
Nne nukta sifuri.
"Si ndivyo inavyotakiwa?" nikauliza.
"Ndivyo. Tangu Jumatatu ndivyo.
Jana lori la Kajaani lilipakia, mlango wazi robo saa,
nne nukta sifuri.
Ghala hupumua, bwana. Hili limekata pumzi."

Veikko, msimamizi, alikuja na jalada kifuani.
Saini zote zipo, alisema, kila zamu imeandika.
"Imeandika," akasema Raili. "Imetazama?"

Hakupaza sauti.
Alitoa mfukoni kipimajoto cha kioo,
cha dirishani kwake, bado kina kipande cha gundi,
akakilaza kati ya makreti ya jibini mbichi.
Tukasubiri.
Mimi mwenye saa ya kuhesabia dakika
nilisahau kuibonyeza.

Tisa na nusu.

Hakuna aliyepiga makofi.
Veikko alikwenda kupiga simu, uso rangi ya mtindi,
na lori lililokuwa limewasha injini
likazima.
Raili akavua glavu, kidole kimoja kimoja,
akasema kahawa ya mchana imeshapoa
na atapika nyingine.

Kwenye treni nikaifungua karatasi yake.
Ukingoni, herufi ndogo zilizosimama wima:
*Sijui. Niambieni kwanza kaonekana wapi,
na aliyemwona alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani?*
Nikaikata kumi na moja kwa mstari.
Juu yake nilitaka kuweka namba nyingine.
Kalamu ilikaa hewani hadi Kuopio.
Arobaini? Nani kanipa mimi rula hii?
Na yale maswali, nani aliyawahi kuyauliza swali?

Juu ya mlango wa behewa, tarakimu nyekundu zilidai
nje ni digrii ishirini na moja chini ya sifuri.
Nilizikodolea macho mpaka Pieksämäki,
nione kama zitacheza.