Kikohozi cha Mlangoni

Nyuzi kumi na moja. Nesi alinihesabia
kama mwenye duka anayerudisha chenji.
"Mzee, wiki sita. Usinyanyue kitu
kizito kuliko birika."
Nikamuuliza, birika lenye maji au tupu?
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Mabega haya yamepakia ndizi za Tukuyu
kwenye malori miaka thelathini na miwili.
Leo nalala chali chini ya bati,
nasikiliza mvua ya Rungwe isiyojua likizo,
na kujifunza kukohoa upya:
mto tumboni, mikono miwili juu yake, polepole,
kama mtu anayefunga gunia lililojaa kupita kiasi.

Mke wangu yuko Kyela, kwenye mavuno.
Mpunga ndio uliolipia kitanda cha hospitali,
na mpunga haumsubiri mgonjwa.
Anyosisye hurudi usiku kutoka kiwanda cha chai,
hunibadilishia bandeji kwa vidole vinavyonukia majani.
Mchana nabaki na mkamwana,
na mkamwana, kwa mila yetu,
hanioni, nami simwoni.

Basi tunaishi kwa sauti.
Kandambili kwenye tope. Kimya. Kikohozi kimoja.
Bakuli linagusa sakafu.
Nahesabu hadi ishirini ili apate kuondoka,
naamka kwa ubavu kama nilivyofundishwa,
nautambaa ukuta,
na mvuke wa uji wa ulezi unakuja kunipokea njiani.
Lakini kuinama!
Kutoka kiunoni hadi sakafuni
ni mbali kuliko Mbeya.

Siku ya nne nilikuta kigoda,
na bakuli juu yake.
Siku ya tano, kigoda juu ya matofali mawili.
Sikuwa nimemwambia mtu.
Alikuwa amesikia nilivyoguna,
akapima kwa sikio
urefu wa maumivu yangu.

Daktari nitampelekea mkungu, nikipona.
Mungu ana sala yake ya jioni,
na siku hizi naimaliza bila kusinzia.
Lakini huyu?
Shukrani utaipitishia wapi
pale ambapo hata macho hayaruhusiwi kupita?
Nimekuwa nikiilamba bakuli hadi ing'ae,
nikitumaini kwamba anajua kusoma.

Jana jogoo aliniwahi.
Nilisikia mdomo wake ukigonga bakuli, ko, ko, ko,
nikapiga kelele kitandani, "Shii!"
na kutoka jikoni, wakati uleule, "Shii!"
Jogoo, katikati ya amri mbili,
akaruka na uji shingoni,
kigoda kikaenda huku, matofali kule,
naye akapita uani akijipangusa kwenye majani ya migomba
kama karani aliyemwagikiwa wino.

Akaanza yeye kucheka, kule kwenye moshi.
Nikafuata mimi, mto nimeukumbatia,
nyuzi zote kumi na moja zikinivuta masikio,
machozi, ole wangu, tumbo, ole wangu,
na sikuweza kunyamaza, wala sikutaka.

Kicheko kilipokwisha, mlango ulikuwa bado wazi kidogo.
Nikauambia mlango: "Ndaga."
Halafu, kwa kuwa mlango haukujibu,
"Ndaga fijo. Kwa kigoda."

Kimya. Mvua.
Kisha kikohozi kimoja.
Kisha, kama mtu aliyefikiri kwanza,
cha pili.